Mahali Pasipokuwa na Jiwe

Kilima chetu kina mawe mengi na akili kidogo, na nasema hivyo nikiwa mzaliwa wa hapa hapa. Ukikitazama kutoka barabarani utaona msitu, ukadhani kuna neema: miti mifupi iliyojipinda, majani madogo makavu, miiba kila tawi. Panda uone. Mizizi ya miti hiyo haikuzama popote, imeyakumbatia mawe tu kama mtu anayeogopa kuanguka. Udongo ni mwembamba kama bitana ya koti la mtumba, na chini yake umelala mwamba wa chokaa, mweupe, mkavu, usio na huruma. Jembe halizami, linalia: kwa! Sauti hiyo inasikika kilima kizima, na kila jirani anajua nani amegota wapi. Ndiyo maana mwenye uwezo kuliko wote huku si mkulima, ni fundi vyuma anayenyoosha majembe.

Mtu wa hapa akipata shamba haanzi kwa kupanda, anaanza kwa kuokota mawe. Unaokota, unarundika. Mvua ikinyesha yanachomoza mengine, unaokota tena. Mpaka uzee ukukute, una rundo, na heshima yako ni rundo hilo. Mgeni akija haonyeshwi mahindi, maana mahindi yenyewe yanatia aibu. Anaonyeshwa rundo, anazungushwa pande zote, na anatakiwa aseme, "Mashallah," au "Jamani, hongera," kulingana na dini yake.

Rundo kubwa kuliko yote lilikuwa la jirani yangu wa juu. Mkewe na mimi tulikuwa chanda na pete tangu utoto, na bwana mwenyewe tulimwita Kina. Jina hilo lilitoka mdomoni mwake, hakuna aliyemsingizia.

Siku aliyokuja kuposa nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nikibeba vikombe, kwa hiyo hakuna wa kunisimulia. Mama wa binti, ambaye hadi leo tunamwita Bibi, hakuuliza habari za mifugo wala fedha. Aliuliza jambo moja: "Shamba lako lina udongo?"

Kijana akacheka. "Shamba langu mimi, mama? Anza kuchimba asubuhi mpaka jua lizame, mwamba hujauona. Pale pana kina, mama. Kina hasa!"

Wajomba wakatazamana. Kila mtu alilijua shamba lile, na sauti ya jembe lake tulikuwa tukiamka nayo. Lakini Bibi hakucheka. Akaeleza taratibu kwamba mumewe alipofariki walichimba kila pembe ya shamba lao wakagota mwamba kabla shimo halijafika magotini. Mwisho walimlaza hapo hapo wakamfunika kwa mawe. Mvua ya kwanza ikayasogeza. Ikabidi yeye, mjane, arudi kuyapanga kwa mikono yake, na kila msimu wa mvua ikawa hivyo hivyo.

"Mimi mawe sitaki," akasema. "Siku yangu ikifika nataka udongo, juu na chini. Na makaburi ya mjini sitaki. Kule wanalala karibu na stendi ya malori, nani atapumzika na honi zile? Niahidi udongo, baba, umchukue binti yangu."

"Nakuahidi, mama," akasema kijana, akajipiga kifua. "Kwangu utalala penye kina."

Mwanamume akiposa hupiga chuku, hilo tunalijua na tunalisamehe. Wengine huahidi nyumba ya ghorofa, kitu ambacho mama mkwe anajua kabisa hakitakuja. Huyu aliahidi kaburi. Kaburi ni lazima lije.

Wakaoana, na Kina akaanza kuokota mawe. Niwe mkweli, mtu yule alikuwa na bidii ya ajabu. Alibeba mawe asubuhi, alibeba mawe jioni, alibeba mawe siku ambayo mtoto wake wa kwanza alizaliwa, akaja kumtazama mtoto akiwa na vumbi la chokaa mpaka kwenye kope. Rundo likapanda, likapita kichwa chake, likapita paa la nyumba. Watu wakaliita Mnara. Mahindi yake yaliendelea kuwa mafupi kiasi kwamba kuku waliyala wakiwa wamesimama, lakini nani anatazama mahindi penye Mnara?

Bwana shamba alikuja na pikipiki ya serikali, akauzunguka Mnara, akapiga picha, akasimika kibao: SHAMBA LA MFANO. Hakuinama kugusa udongo, labda kwa sababu angechafua suruali. Mheshimiwa wetu naye aliupenda. Kila uchaguzi alipanda juu yake na kipaza sauti, akatuahidi maji, tukampigia makofi, akateremka kwa kushikwa mikono. Kina alisimama pembeni akiwa amevimba kichwa, utadhani maji yenyewe yameshafika.

Mimi nina cherehani barazani kwangu, chini kidogo ya shamba lake, na kwa kazi hiyo naona kila kitu bila kuonekana natazama. Tena nilikuwa na sababu ya kumpenda jirani yule. Kila mvua iliponyesha, udongo kidogo aliouondolea mawe ulishuka wenyewe kuja kwangu, ukajaa nyuma ya jiko, na mimi nikapanda maboga. Alikuwa akiyaona, akinisifia: "Jirani, una mkono wa baraka!" Nami nikajitia hamnazo, nikasema tunamshukuru Mungu.

Bibi alipozeeka, binti yake alimchukua akae naye. Wakampa chumba cha mbele: kitanda cha chuma, redio juu ya kigoda, fimbo yake ukutani, na dirisha linalotazama shamba lote. Muda si mrefu akaniita nimpime gauni. Gauni la kuzikiwa, alisema wazi, rangi ya maziwa, mikono mirefu, kola isibane. Nilishona nikamletea, akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema linampwaya kama vile amekwisha oza. Nikalipunguza. Mwaka uliofuata akanenepa, nikaliachia. Gauni lile limepita kwenye cherehani yangu mara nyingi kuliko sare za shule.

Kisha akaumwa kweli. Homa ilimkalia, chakula kikamshinda, na sauti ikawa ya kunong'ona. Siku moja akamwita mkwe wake, nami nikiwa pale na futi yangu ya kupimia shingoni.

"Mwanangu," akasema, "ni wapi?"

"Wapi nini, mama?"

"Penye kina. Nionyeshe kupitia dirishani, nipazoee."

Kina akanyoosha kidole dirishani, kikatembea shamba zima bila kutua. "Kule, mama," akasema, akatoka mbio kana kwamba kuna maziwa yanachemka jikoni.

Kuanzia siku hiyo akaanza kutafuta udongo kwenye shamba lake mwenyewe. Alichimba saa za mchana, watu wakiwa wamejipumzisha, na kwa kuwa aliogopa ile sauti, aliifunga sululu kwa vipande vya gunia. Badala ya kwa! ikawa inatoa bufu, bufu, kama mtu anayepiga godoro. Alichimba karibu na ukingo, bufu. Alichimba chini ya mti wa miiba, bufu. Kila shimo liligota likiwa na kina cha sufuria. Shamba la mfano likawa kama uso uliopona ndui, na mbuzi wangu alitumbukiza mguu akachechemea wiki nzima.

Bibi, akiwa amelala ubavu, aliona yote. Na nikuambie, tangu aanze kuona alianza kuomba uji.

"Mkwe wangu," aliita dirishani, "unachimba nini?"

"Mashimo ya migomba, mama."

"Migomba juu ya mawe?"

"Ni aina mpya, mama. Bwana shamba kasema."

"Na hilo sululu mbona limevaa nguo? Linaumwa kichwa?"

Mimi huku barazani niliuma kitambaa nisiangue kicheko. Lakini jioni rafiki yangu alikuja kukaa kwangu, akashika tama, na kicheko kikaniishia. Mumewe hali, alisema. Usingizini anaweweseka habari za udongo. Yeye mkewe alikuwa amemshauri waagize lori la udongo kutoka bondeni, waujaze juu ya mwamba, wamlaze mama humo, na Kina mwenyewe akaenda kumweleza Bibi kwa maneno ya adabu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Unataka kunipanda kwenye tuta, kama kiazi?"

"Si mama yangu wa kunizaa," ndivyo Kina alivyomwambia mkewe usiku huo chumbani, "lakini ndiye aliyenipa wewe kwa neno hilo tu. Nikimfunika kwa mawe, nitakutazama na macho gani?" Nilisikia uchungu. Mtu aliyejisifu maisha yake yote, na sifa moja tu aliyotamani iwe kweli ndiyo hiyo.

Jambo lenyewe lilijifumbua kwa njia ya kijinga kabisa. Nilikuwa chumbani kwa Bibi nikipima upya gauni, maana alikuwa amepungua. Kina alikuwa mlangoni na sululu yake iliyovaa nguo, jasho linamtiririka, amekata tamaa. Mkewe, akikunja shuka, akasema bila hata kumtazama, "Umepima shamba zima isipokuwa chini ya Mnara."

"Chini ya Mnara hapafai. Pana Mnara."

"Kwani kwa nini uliujenga pale?"

Kina akamjibu kwa hasira, kama anayejibu mtoto: "Si kwa sababu palikuwa safi! Kilima kizima mawe matupu, pale tu ndipo hapakuwa na jiwe hata..."

Mkewe akaacha kukunja shuka. Mimi nilibaki na pini midomoni. Bibi peke yake ndiye aliyesema, taratibu, akitazama dari: "Na palikuwa na mti mrefu pale, nilipokuwa msichana. Mrefu, ulionyooka. Nikawa najiuliza, huo umepata wapi pa kusimama."

Mti ule Kina aliukata mwenyewe, mwaka ule alipooa, ili apate nafasi ya kuweka mawe.

Kwa hiyo akakaa siku nzima chini ya Mnara wake, amejiinamia. Usidhani ni jambo dogo. Rundo lile ndilo lililofanya asalimiwe kwanza kwenye misiba na harusi. Ni juu yake mheshimiwa alisimama. Kina alijua kila jiwe lilitoka wapi, na wakati mwingine alilipapasa rundo akipita, kama mtu anavyopapasa ng'ombe wake. Kesho yake asubuhi nilisikia mlio, jiwe likigonga jiwe. Ameanza kuubomoa.

Kilima kikavunjika mbavu. Watu walipanda kuja kutazama, wakakaa kivulini wakitoa ushauri, kazi pekee ambayo wanaume wa hapa huifanya bila kuchoka. Bwana shamba akafika mbio kwa pikipiki. "Mzee, unaharibu mradi!" akalia. Mheshimiwa akatuma mtu kuuliza kama shughuli hiyo haiwezi kungoja uchaguzi upite. Kina aliinamia mawe yake. Alibeba. Mawe ya juu yalikuwa madogo, aliyoyaokota mgongo ukiwa umeshachoka. Chini yake yakaja ya ujanani, makubwa mno, yale aliyokuwa akiyanyanyua mchumba akipita njiani. Katikati kikaonekana kijiko kikubwa cha harusi yake kilichopotea zamani, kumbe watoto walikificha humo wakicheza. Kwa miaka yote hiyo rafiki yangu alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni kwa ajili ya kijiko hicho. Nilikichukua nikamkabidhi mbele za watu. Nilimwangalia tu.

Aibu ndiyo iliyowainua wale wa kivulini. Alinyanyuka mmoja, akafuata mwingine, na mwisho kilima kizima kilikuwa kinapokezana mawe. Yaliwekwa wapi? Yalipangwa ukuta, kati ya shamba lake na langu. Ukuta mzuri, imara, usiopitisha hata punje ya udongo. Mimi nami nilipokea mawe kwenye mstari, nikitabasamu kwa meno, nikiyaaga maboga yangu.

Jiwe la mwisho lilipoondoka, Kina alivua gunia kwenye sululu, akaitupa pembeni, akachukua jembe la kawaida. Bibi alikuwa ameletwa na kiti chake, shuka mabegani. Jembe likashuka. Tulikuwa tumekunja nyuso kungoja ile sauti, lakini haikuja. Likazama mpaka kwenye mpini, kimya, na alipolivuta likatoka na donge jeusi lenye unyevu. Akachimba mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka mabegani. Kulia mwamba, kushoto mwamba, katikati udongo mtupu, upana wa kumtosha mtu mmoja kulala na mashina machache ya mahindi kumzunguka. Kina alisimama humo ndani akilia waziwazi, kamasi na chokaa vimechanganyika usoni.

Bibi aliinama na fimbo yake, akachungulia. "Pazuri," akasema. Kisha akasema ana njaa.

Hakufa. Homa ilimtoka, akaanza kutembea mpaka kwenye ukuta na kurudi. Shimo likakaa wazi likingoja, mpaka yeye mwenyewe akakasirika. "Fukieni, pandeni mahindi. Mimi nitapiga hodi siku yangu." Yakapandwa, yakapanda juu kuliko kichwa cha mtu, meusi kwa ukijani, na Kina alikuwa akisimama katikati yake, haonekani, anasikika tu akijisifu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anasema kweli, na hakuna aliyeweza kumvumilia.

Kilima nacho kilijifunza. Kila mwenye rundo alilitazama upya, akapiga paji la uso, akaanza kulihamisha. Wakahangaika msimu mzima. Na mawe wakayaweka wapi? Mahali palipokuwa safi, pasipokuwa na jiwe. Bwana shamba alipita akapiga picha, akaiita mbinu mpya.

Baada ya mavuno ya pili Kina alibanwa na kifua. Tulidhani vumbi la chokaa, tukamchemshia majani, tukampeleka zahanati, wakatupa vidonge vyeupe. Alikwenda haraka, kabla hata hatujaanza kuogopa.

Wanaume wakakaa uani kuamua. Mahali penye kina cha kaburi kilimani kote palikuwa pale pa Mnara tu, na pale palikuwa pa Bibi, kwa ahadi ambayo kila mtu aliijua. Hapakuwa na nafasi ya wawili. Basi marehemu apelekwe mjini, wakakata kauli, kwenye stendi ya malori. Rafiki yangu alikuwa amekaa mkekani na khanga usoni, hakuweza kuomba wala kukataa: upande mmoja mume, upande mwingine mama.

Mlango wa chumba cha mbele ukafunguka. Bibi akatoka amevaa gauni la rangi ya maziwa. Kola haikumbana. Mtu mmoja akaanza kusali.

"Acheni kunitolea macho," akasema. "Sina nguo nyingine mpya. Shimo amechukua yeye, gauni nalivaa mimi. Ongozeni njia."

"Lakini Bibi, ile nafasi ni yako," akasema mjomba mkubwa. "Na wewe je?"

"Mimi nina mjukuu wa kike anakaribia kuposwa. Nitamwuliza huyo bwana swali langu."

Wengine walicheka, wakaficha midomo. Rafiki yangu ndipo alipolia kwa sauti, na mama yake akamwacha alie.

Kina akalazwa pale, kati ya mwamba na mwamba. Udongo ukarudishwa, ukatosha, ukabaki. Kisha wanaume, kwa mazoea ya kilima hiki, wakaenda kwenye ukuta, kila mmoja akarudi na jiwe la kumwekea juu. Bibi alikuwa bado amesimama kichwani pa kaburi. Akanyoosha fimbo, akaizungusha kwetu sote.

"Hata moja," akasema. "Huyu amebeba ya kutosha."

Wakayashusha chini pale walipokuwa wamesimama, wakayaacha, tukateremka nyumbani.